Kuba ambalo halijawahi kujengwa: kisa cha kanisa la Sant'Ignazio, Roma

Kanisa la Sant'Ignazio liko katikati ya Roma, dakika chache tu kwa mguu kutoka Pantheon, lile hekalu la kale la Warumi. Ukiingia kwa mlango mkuu ukatembea mpaka unakaribia pale mikono ya msalaba wa jengo inapokutana, ukiinua kichwa unaona kuba kubwa. Nguzo zimezunguka duara zima, madirisha yanaleta mwanga, mbavu zinapanda mpaka kileleni, na kule juu kabisa kuna kale kamnara kadogo ambako makuba ya Roma karibu yote yanako. Sasa toka nje, zunguka mtaa mzima ukiangalia juu, tafuta hilo kuba kwenye paa. Hulioni ng'o, kwasababu halipo na halijawahi kuwepo. Ulichokiona ndani ni turubai bapa kabisa, limetandazwa kuziba tundu la dari, na aliyelichora ni bruda mmoja wa Kijesuiti anaitwa Andrea Pozzo, mwaka 1685.

Wengi wakisimulia hiki kisa wanakimaliza kwa sentensi moja, hela iliisha wakapaka rangi. Mi naona hiyo simulizi inampunja jamaa. Ni kweli ilianza kama kiraka, lakini ukikaa ukaangalia maamuzi aliyoyafanya moja baada ya lingine unakuta huyu bruda alifanya kitu ambacho kuba la mawe lisingeweza kukifanya, tena alikubali kulipa bei yake mbele za watu.

Tuanze na kanisa lenyewe. Mwaka 1622 Papa Gregory wa 15 alimtangaza Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, shirika la watawa Wakatoliki, kuwa mtakatifu. Huyu Papa alisoma kwenye chuo cha Wajesuiti hapohapo Roma, Collegio Romano, na mpwa wake Kardinali Ludovico Ludovisi alikuwa na mkwanja wa kutosha, kwahiyo ikaonekana mtakatifu mpya apate kanisa jipya pembeni ya chuo. Msingi ukawekwa 1626. Aliyepewa ramani ni Orazio Grassi, padre Mjesuiti na mwalimu wa hesabu pale chuoni, yuleyule aliyepelekana puta na Galileo kuhusu vimondo vya mkia vya mwaka 1618. Yaani kanisa hili tangu mwanzo liko mikononi mwa watu wa hesabu, hilo tulishike maana litatusaidia mbele.

Ramani ilifuata mfano wa Gesù, kanisa mama la Wajesuiti: ukumbi mkuu mmoja mpana usio na nguzo za kuzuia macho, vikanisa vidogo pembeni, halafu pale kwenye makutano ya msalaba kuba refu la kumwaga mwanga karibu na altare. Makanisa ya Baroko, ule mtindo wa mbwembwe wa Ulaya ya karne ya 17, yanalitegemea kuba kwa kazi hiyo. Unaingia kwenye ukumbi wenye mwanga wa wastani, macho yanavutwa mbele, ukifika kwenye makutano ghafla mwanga unadondoka kutoka juu. Ukitoa kuba umetoa kilele cha safari nzima, linabaki korido refu lenye dhahabu.

Na ndicho kilichotokea. Ludovisi akafariki 1632, ujenzi ukaendelea kwa mwendo wa kusuasua, kanisa likafunguliwa rasmi mwaka wa jubilei 1650 bila kuba. Grassi naye akafariki 1654. Kuba la mawe sio kitu unachopachika jioni moja, linasukuma kuta kwenda nje kwa nguvu kubwa, linataka nguzo nene chini yake, minyororo ya chuma ya kulifunga, msitu wa mbao za jukwaa, na mafundi wa kulipwa kwa miaka. Hela za namna hiyo hazikuwepo. Kuna hadithi nyingine inapendwa sana, kwamba majirani zao, watawa Wadominikani wa kanisa la Minerva, waligoma, wakasema kuba litawazibia mwanga kwenye maktaba yao. Ni tamu, na watu wanapenda kusikia mashirika ya watawa yakigombana, ila maktaba inayotajwa mara nyingi ni Casanatense na hiyo imefunguliwa 1701, miaka 16 baada ya turubai kupandishwa. Mi naiweka pembeni. Ukata unatosha kueleza.

Kwahiyo hali ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1680: kanisa kubwa la chuo maarufu kabisa cha Wajesuiti, ukumbi wake dari nyeupe haina kitu, na katikati pengo lililosubiri kuba miaka zaidi ya 30. Wakati huohuo, mitaa michache tu kutoka hapo, Gesù wenyewe walikuwa wamepata dari mpya ya mchoraji Baciccio iliyokamilika 1679, ile ambayo watu wa rangi wanamwagika nje ya fremu na malaika wa plasta wananing'inia kweli. Unaweza kuwaza presha iliyokuwepo.

Pozzo aliletwa Roma 1681. Alizaliwa Trento 1642, akajiunga na Wajesuiti mwaka 1665 akiwa tayari fundi wa kuchora, na hakuwahi kuwa padre, alibaki bruda maisha yake yote. Cha muhimu ni kwamba alikuja na CV. Mwishoni mwa miaka ya 1670 kule Mondovì, kaskazini mwa Italia, alishachora kuba la uongo kwenye kanisa la Wajesuiti na likakubalika. Mtu anayesema wakubwa walikata tamaa wakambahatisha huyu mchoraji hajui kwamba walimwita mtu aliyekuwa ameshaijaribu hiyo kazi.

Njia nyingine zilikuwepo. Wangeweza kuendelea kusubiri mfadhili. Wangeweza kujenga kuba fupi la bei nafuu, yapo mengi Italia. Wangeweza kuziba tundu na dari ya kawaida wakachora mawingu na malaika, ambayo ingekuwa rahisi maana mawingu hayana mstari ulionyooka, ukiyachora yamepinda hakuna atakayejua. Pozzo akachagua njia ngumu kuliko zote, kuchora jengo, kwenye kitambaa bapa, litazamwe na watu wanaotembea.

Hapa ndo pa kukaa kidogo. Ukichora kuba ukaamua mtazamaji yuko katikati chini yake, mchoro unakuwa miduara ndani ya miduara, kila kitu kinalingana pande zote, unaweza kuuchora kwa bikari tu. Pozzo hakufanya hivo. Alimweka mtazamaji wake pembeni, huku kwenye ukumbi mkuu, upande wa mlango, kabla hujafika chini ya kuba. Ukimwangalia mtu kwenye picha za kanisa hili amesimama juu ya diski ya marumaru sakafuni, ndo hapo. Sababu anazieleza mwenyewe kwenye kitabu chake cha perspektiva, yaani ufundi wa kuchora kitu kwenye uso bapa kionekane kina kina, alichokitoa Roma 1693: shingo haichoki sana, na unaona usanifu mwingi zaidi kuliko ungekuwa katikati kabisa. Ni kweli, kwasababu ukiwa pembeni ya kuba unaona ukuta wake wa mbali umesimama mbele yako, nguzo kwa urefu wake, madirisha, cheni ya mapambo. Ukiwa katikati unaona duara tu.

Ila ukishamsogeza mtazamaji pembeni hesabu inageuka kuwa ya kutisha. Turubai linabidi lichorwe limevurugika. Nguzo za upande mmoja zinavutwa ndefu kupita kiasi, za upande mwingine zinabanwa, kilele cha kuba hakikai katikati ya kitambaa bali kimekimbilia pembeni. Wanaoangalia mpira wanakijua hiki kitu bila kujua jina lake: yale mazulia ya matangazo yanayolazwa chini pembeni ya goli, kwenye TV unayaona yamesimama kama bodi kwasababu kamera iko sehemu moja inayojulikana, lakini mpiga picha aliyekaa nyuma ya goli anaona maandishi yamenyooshwa kama bablishi. Pozzo alikuwa anaifanya hiyo kwa rula na uzi, kwenye kitambaa chenye upana wa zaidi ya mita 10, miaka 300 na ushee kabla ya hizo kamera.

Halafu kuna rangi. Turubai ni la giza giza, kahawia, kijivu, na mwanga unaonekana kama unaingia kwa madirisha ya juu na kugusa upande mmoja tu wa kuba. Wapo wanaosema ni uchakavu na mishumaa, na sikatai kwamba miaka imeongeza giza lake, lakini giza lenyewe linafanya kazi. Kuba halisi lenye madirisha madogo kweli linakuwa na upande wa kivuli, na kivuli kinaficha kitambaa. Lingechorwa kwa rangi za kung'aa kama dari ya ukumbi, jicho lingegundua mapema kwamba hapa kuna uso bapa unaoakisi mwanga wa chini.

Wataalam wa majengo wa Roma hawakulala. Walimshambulia kwamba nguzo za mbele za kuba lake zimekaa juu ya vikono vilivyochomoza ukutani, kitu ambacho hakuna mjenzi mwenye akili angekifanya kwa mawe halisi, vikono vingekatika nguzo zikashuka. Jibu la Pozzo limo kwenye kitabu chake na mi nalipenda kuliko mchoro wenyewe: anasema kuna rafiki yake mchoraji aliwatoa wasiwasi kwa kuahidi kwamba siku vikono vikishindwa nguzo zikaanguka, yeye atazirudishia kwa gharama zake. Mchezo umeishia hapo. Lakini angalia hiyo lawama inaonyesha nini. Walikuwa wanalijadili turubai kama jengo, wanahofia uzito wa kitu kisicho na uzito. Ukishafika hapo umeshinda.

Baada ya kuba akapewa dari ya ukumbi mkuu, na hii ndo wengi wanakwenda kuiona, ilikamilika 1694. Usisikilize wanaosema dari ile ni bapa, sio, ni mviringo kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, na madirisha halisi yamekata pembeni, kitu kinachoongeza ugumu maana mstari ulionyooka ukiuchora kwenye uso uliopinda lazima nao upinde ili uonekane umenyooka. Pozzo aliendeleza kuta za kanisa kwenda juu kwa rangi, nguzo juu ya nguzo, matao, halafu akatoboa anga. Mbinu yake ilikuwa hivi. Anachora picha ndogo na kuigawa miraba. Anafunga kamba juu ya ukumbi usawa ambapo dari inaanzia, wavu mzima wa miraba ileile, kubwa sasa. Kisha kutoka kwenye sehemu ya jicho la mtazamaji unaweka taa usiku, kivuli cha wavu kinatua kwenye dari iliyopinda, unapiga alama. Kwa kanisa refu kama hili taa haitoshi, kivuli kinakuwa hafifu hakisomeki, kwahiyo unatumia uzi: unaufunga kwenye ile sehemu ya jicho, unaupitisha kwenye kila fundo la wavu mpaka uguse dari, unatia alama, unakwenda fundo linalofuata. Fikiria kazi hiyo juu ya jukwaa, fundo kwa fundo, kabla hata plasta mbichi haijapakwa na rangi haijaanza. Pale ndo unaona kwanini nilisema hili ni kanisa la watu wa hesabu.

Mpangilio wa picha nao aliueleza kwa barua mwaka 1694 kwa Anton Florian, prinsi wa ukoo wa Liechtenstein. Mwanga unatoka kwa Kristo, unampiga Ignatius kifuani, kutoka kwake unagawanyika kwenda mabara manne, kama alivyosema Kristo kwenye Luka, nimekuja kutupa moto duniani, na maneno hayo yameandikwa kwa Kilatini kwenye ncha za dari. Kila bara ni mwanamke. Ulaya ana fimbo ya kifalme na tufe, Asia yuko juu ya ngamia, Amerika kavaa manyoya kichwani, Afrika ni mwanamke mweusi aliyepanda mamba na kashika pembe ya ndovu. Hapo sitajifanya sijaona. Karne ya 17 Ulaya ilikuwa inatujua kwa vitu hivyo viwili, mnyama wa kuogopwa na bidhaa ya kuuzwa, na Ulaya peke yake ndo kapewa kutawala. Mchoraji mwenyewe hakuwahi kuvuka bahari. Ila upande wa Asia kuna mtu aliyevuka, mmisionari Mjesuiti Francis Xavier, na huyo mwaka 1542 akiwa njiani kwenda Goa alipita Msumbiji na akatia nanga Malindi, kwahiyo pwani yetu iko kwenye hiyo hadithi hata kama dari haijaionyesha.

Sasa turudi kwenye bei niliyoisema. Hatua chache nje ya diski, kila kitu kinaanza kuyumba. Nguzo za dari zinalala, zinaonekana zinataka kumwangukia mtu, na kuba ndo balaa zaidi, ukienda mpaka altare ukageuka nyuma unaona bakuli limepinduka upande. Hata enzi zake walimwambia achague sehemu nyingi za kutazamia ili mchoro usiharibike sana popote, mchoraji Pietro da Cortona na wenzake walikuwa wanachanganya hivo na hakuna aliyelalamika. Pozzo akakataa katakata. Hoja yake ilikuwa kwamba sehemu nyingi hazikupi picha kamili hata moja, na kwamba kuharibika nje ya diski ni ushahidi wa ubora wa kazi, sio kasoro. Tena kwa bruda wa Kijesuiti kulikuwa na la ziada, maana mwenyewe aliandika kwamba mistari yote ya kazi ivutwe kwenye sehemu moja ya kweli, yaani utukufu wa Mungu.

Unaweza usikubaliane na teolojia yake, lakini kiusanifu ile diski ndo wazo lenyewe. Kuba la mawe linakuacha uzurure, popote ulipo ni zuri. Kuba la Pozzo linakuambia simama hapa. Mtu anaingia, anaona kitu hakijakaa sawa, anasogea, anasogea tena, mara vyote vinajipanga kwa mkupuo. Mwili wake umeshiriki. Kwa shirika ambalo mafunzo yake yote ya kiroho yalikuwa ya kumwambia mtu jiweke mahali fulani kisha tazama, sidhani kama ungepata mapambo yanayowafaa kuliko haya.

Ushahidi wangu mkubwa hata hivyo sio diski, ni hela. Maana hela zilikuja baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1690 kanisa hilihili likapata altare ya Aloysius Gonzaga, yule mwanafunzi aliyefariki 1591 akihudumia wagonjwa wa tauni. Ramani ni ya Pozzo, sanamu ya ukutani ni ya Pierre Le Gros, nguzo zilizosokotwa za marumaru ya kijani zikiwa zimezungushiwa majani ya shaba iliyopakwa dhahabu, na chini sanduku la masalia limepambwa kwa lapis lazuli ile bluu ya gharama. Le Gros huyohuyo akaja kutengeneza kaburi la Gregory wa 15 na Kardinali Ludovisi, lile zito lenye mapazia ya marumaru. Miaka ya 1720 uwanja wa mbele ukavunjwa ukajengwa upya na Filippo Raguzzini, nyumba zimepinda kama makabati ya sebuleni. Kote huko walitumia, kuba hawakuligusa. Pozzo mwenyewe akawa na soko: Arezzo wakataka kuba la namna hiyo, kisha Kaisari Leopold wa 1 akamwita Vienna, akachora lingine kwenye kanisa la Wajesuiti la kule, akafariki hukohuko 1709. Kitabu chake kikatafsiriwa lugha kibao, mpaka Beijing mwaka 1729 kikatoka kwa Kichina.

Mwaka 1891 ghala la baruti lililipuka nje ya mji, vioo vikavunjika Roma nzima, na turubai likachanika vibaya. Hapo ilikuwa nafasi nzuri ya kusema basi, tujenge la kweli, au tuzibe tuachane nalo. Kilichorudi pale juu ni turubai, kwa mchoro uleule.

Kama utapita Roma, mambo mawili. Siku hizi kuna kioo kimewekwa ukumbini cha kupigia picha dari na foleni yake inaweza kuwa ndefu, achana nacho, kioo kinakuonyesha dari ila kinakunyima ule utamu wa kutafuta mahali pa kusimama. Anza na diski ya kwanza ya ukumbini, hiyo ni ya dari, halafu nenda mbele mpaka ya pili, hiyo ni ya kuba. Ukishamaliza usitoke, endelea mpaka karibu na altare ugeuke upige picha moja ya kuba likiwa limeharibika, maana ile ndo picha inayoonyesha fundi alifanya nini.